Betri Iliyoishi Kuliko Simu

Katika kibanda kimoja cha fundi wa simu mjini Nakuru, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, kuna mkebe wa rangi uliojazwa betri hadi pomoni. Zote zina umbo moja: bapa, fupi, za kuenea katika kiganja cha mtoto. Zote zimeandikwa BL-5C. Nilimuuliza fundi ni nani angali na simu ya kutumia betri hizo. Akacheka, akanijibu kwamba siku hizi wateja wake wa betri hizo si wenye simu, ni wenye redio.

Ni kweli. Vile viredio vya Kichina vinavyoning'inia shingoni mwa mlinzi wa usiku au kwenye usukani wa boda boda, vile vya kuchomeka kadi ya nyimbo, vingi hutumia BL-5C. Nokia iliitengeneza kwa ajili ya simu zake: 1100 ya mwaka 2003 yenye tochi kichwani, babu wa simu zote tulizozibatiza mulika mwizi, 6600 ya mwaka huo huo, ambayo ilikuwa kompyuta kamili ndani ya ganda nono la mviringo, kisha N70. Mchungaji wa ng'ombe kule Mau Narok na wakili wa Milimani wangeweza kuazimana betri, mmoja akiwa na simu ya bei ndogo kabisa na mwingine akiwa na simu ya fahari. Leo Symbian, mfumo ulioziendesha 6600 na N70, umezikwa. Betri ingali sokoni.

Nimeiwaza betri hiyo kwa majuma kadhaa, kwa kuwa imenifumbua macho juu ya jambo nililoliandika mara nyingi bila kulielewa. Wataalamu walipokuwa wakibishana kuhusu Palm na Windows, Symbian na BlackBerry, iPhone na Android, mnunuzi wa Bonde la Ufa alikuwa na maswali yake. Chaji inakaa siku ngapi? Ikiharibika, fundi yuko? Laini yangu itaingia? Nikibanwa na karo, nani atainunua? Sisi waandishi tuliyachukua kuwa maswali ya mtu asiyejua kompyuta. Naamini sasa kwamba yalikuwa maswali bora kuliko yetu.

Mji huu na betri ni jamaa wa siku nyingi. Kuanzia 1967 hadi 2014 kiwanda cha Eveready kilikuwa hapa hapa, kikitoa mawe makubwa ya redio na tochi yenye nembo ya paka. Aliyelelewa Nakuru alijua tangu utotoni kwamba redio bila mawe ni sanduku tu, na kwamba mawe yakidhoofu huanikwa juani ili yajikokote siku mbili zaidi, hadi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo inanisikitisha kidogo kukumbuka kwamba kompyuta ya mkononi ya kwanza kupendwa na watu wengi duniani ilitumia mawe kama hayo, isipokuwa yalikuwa madogo. Palm Pilot ilitoka Marekani mwaka 1996. Jeff Hawkins, aliyeibuni, alianza kwa kuchonga kipande cha mbao chenye ukubwa aliokusudia, akawa anatembea nacho mfukoni na kukitoa mikutanoni akijifanya anaandika. Alitaka kujua ni kitu cha ukubwa gani ambacho mtu atakubali kukibeba kutwa nzima. Kifaa kilipokamilika kilikula mawe mawili ya AAA, nayo yalidumu wiki kadhaa.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hilo, simama Subukia au Kuresoi ya miaka ile. Hata sensa ya 2009 ilikuta kwamba kaya zinazotumia umeme kwa mwangaza hazijafika robo ya kaya zote nchini. Kompyuta ya kununuliwa mawe dukani, kama tochi, ingewafaa watu wa huko kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Lakini bei ya chini kabisa ilikuwa dola 299 huko huko Marekani, kabla ya nauli na ushuru, na hakuna aliyewaza kuileta kwa ajili ya mkulima wa viazi. Kisha mashindano yakageukia kwingine. Microsoft ilitoa Windows CE mwaka huo huo wa 1996, na kufikia 2000 kulikuwa na Pocket PC zenye kioo cha rangi na mbwembwe nyingi, zikidai kuchajiwa karibu kila siku. Palm nayo ilianza kuhamia betri za kuchajiwa ilipotoa Palm V mwaka 1999. Waingereza wa Psion, ambao mfumo wao wa EPOC ndio uliozaa Symbian, walikuwa na kompyuta ndogo za kibodi zilizotumia mawe ya kawaida. Nao wakajiondoa katika biashara hiyo. Kila kampuni iliwania mteja aliyelala karibu na soketi.

Nilinunua kifaa cha mkononi cha mtumba mnamo 2004. Jina la kampuni halina maana hapa. Nilikuwa nikizunguka Molo na Mau Summit nikizungumza na wakulima wa pareto, zao ambalo wakati huo lilikuwa limewatupa mkono, na nilijivunia kuandika kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo huku wenzangu wakipekua madaftari yaliyolowa mvua. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, ni kwamba vifaa vingi vya wakati ule viliweka maandishi katika kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri. Betri ikiisha kabisa, kila kitu huondoka nayo. Nilikaa siku tano mahali pasipo na stima. Niliporudi Nakuru na kukichomeka, kiliamka kama mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo: kilinisalimu, kikaniuliza jina langu, kikataka nichague saa na tarehe. Mahojiano ya wazee kumi na wawili yalikuwa yametoweka. Wanne kati yao sikuwapata tena. Hadi leo nikipita Molo huwaza maneno yao, ambayo walinipa kwa ukarimu na mimi nikayaweka katika chungu kilichotoboka.

Waliotumia kompyuta za mkononi kwa uzito halisi katika Bonde la Ufa walikuwa watu wa afya. Eldoret, mwendo wa saa tatu hivi kutoka hapa kwa matatu, ndiko makao ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Tangu 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi, walikuwa wameanza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kazi iliyokuja kuchangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya hospitali inayotumika leo katika nchi nyingi. Walipoamua kwenda nyumba kwa nyumba kupima virusi vya Ukimwi na kutoa ushauri nasaha, karatasi zisingetosha. Wahudumu wakapewa kompyuta za mkononi na vipokezi vya GPS, wakapanda na kushuka vilima, wakigonga milango na kujaza majibu papo hapo.

Kazi ilikwenda. Lakini kompyuta hizo zilikuwa zikififia duniani hata walipokuwa wakizitumia. Simu zilikuwa zinazimeza. Ndipo wakafanya uamuzi ambao naona unastahili kusimuliwa kuliko uzinduzi wowote wa simu uliowahi kuandikwa magazetini. Walihamia simu za Android, zikiwa bado changa sana, na juu yake wakaweka Open Data Kit, programu ya bure ya kujazia fomu, iliyoundwa na Gaetano Borriello na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Washington, miongoni mwao Yaw Anokwa na Carl Hartung. Mfumo huo ulikusudiwa kuhudumia eneo lenye watu milioni mbili magharibi mwa Kenya, na tathmini yake ilichapishwa mwaka 2012.

Simu yenyewe haikuwa na maajabu. Uzuri wa uamuzi ule ulikuwa katika fomu. Maswali ya Open Data Kit yaliandikwa kwa kanuni iliyo wazi, na majibu yalitoka kwa namna ambayo programu nyingine ingeweza kuyasoma. Simu ingevunjika, ingeibwa, kampuni iliyoiunda ingefilisika, na habari za mgonjwa wa Turbo zingebaki salama, zikisubiri simu nyingine ya kuzipokea. Watu wale walichagua kitu cha kutoka nacho siku ya kuondoka. Wengine wengi, nikiwemo mimi na wazee wangu wa pareto, tulichagua kitu cha kuingia nacho tu.

Njia kama hiyo ilipitiwa na EpiSurveyor, programu ya kukusanya takwimu za afya ya daktari Joel Selanikio na mwenzake Rose Donna, iliyojaribiwa na wizara za afya za Kenya na Zambia kwenye vifaa vya Palm. Palm ilipoanza kuyumba, wakaiandika upya iingie katika simu za kawaida ambazo wauguzi walikuwa nazo tayari. Palm yenyewe ilinunuliwa na HP mwaka 2010, na mwezi Agosti 2011 HP ikatangaza kuachana na vifaa vyake.

Kwa raia wa kawaida wa Nakuru, mwaka wa kuchagua ulikuwa huo huo wa 2011. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa miaka miwili nyuma, bei za intaneti zikaanza kushuka. Serikali ilikuwa imeondoa kodi ya VAT kwenye simu katika bajeti ya Juni 2009. Madukani Kenyatta Avenue ungeona dini zote zimepangwa katika kabati moja la kioo. BlackBerry ya vitufe, simu ya watu wa benki na mashirika, iliyotaka ulipie huduma yake kila mwezi ndipo ionyeshe utamu wake. Nokia za Symbian, ambazo kila fundi wa mji aliweza kuzifungua akiwa amefumba macho. iPhone moja au mbili, za mtu mwenye jamaa ng'ambo. Na Huawei IDEOS.

IDEOS ilikuwa simu dhaifu, lazima niseme. Kioo cha inchi 2.8, kamera ya kuonea haya, betri ambayo mtu aliyezoea mulika mwizi ya kukaa wiki nzima aliona ni tusi. Lakini ilikuwa Android, na Safaricom iliiuza kwa Sh8,499. Kabla ya mwaka kwisha iliripotiwa kwamba zaidi ya 350,000 zimenunuliwa nchini. Vijana wa Egerton kule Njoro na wa Kabarak walizibeba na chaja mfukoni, wakitafuta soketi kama ndege atafutaye tawi.

Upande wa pili, tarehe 11 Februari 2011, mkuu wa Nokia, Stephen Elop, alisimama London na kutangaza kwamba kampuni yake itaiacha Symbian na kuhamia Windows Phone ya Microsoft. Nadhani ni wachache mjini humu waliosikia habari hiyo siku ile, na waliosikia hawakuona inavyowahusu. Mtu aliendelea kulipa akiba ya miezi sita kwa Nokia nzuri ya Symbian, kumbe ananunua nyumba ambayo mwenye ardhi ameshaiuza. Waliosubiri zile Lumia mpya nao hawakupona: katikati ya 2012 Microsoft ilitangaza kwamba simu za Windows Phone 7 hazitapandishwa kwenda toleo la 8. Hilo bado linaniudhi. Mteja maskini huwa hana pesa za kukosea mara mbili, na kampuni kubwa duniani zilimkosesha mara mbili ndani ya miezi kumi na minane.

Sasa turudi kwa yule anayeuliza kama laini yake itaingia. Swali hilo lilikuwa na hekima ambayo wahandisi wa M-Pesa waliiona mapema. Huduma hiyo ilipozinduliwa Machi 2007, haikuwekwa kwenye Symbian wala Windows wala mfumo mwingine wowote wa simu. Iliwekwa ndani ya kadi ya laini yenyewe, menyu fupi inayotuma ujumbe uliofichwa kwa siri. Ukiwa na 1100 ya tochi unayo, ukiwa na BlackBerry unayo. Simu ikitumbukia katika josho la ng'ombe, unatoa laini, unaikausha kwa kitambaa, unaichomeka katika simu ya jirani, na pesa zako ziko pale pale. Mama mboga wa soko la Wakulima hakuhitaji kujua nani anaelekea kushinda kati ya Nokia na Google. Programu rasmi ya M-Pesa ya simu janja ilikuja kuzinduliwa mwaka 2021, miaka kumi na minne baadaye, na menyu ya laini haijaondolewa. iCow ya Su Kahumbu, iliyoanza 2011 kuwafundisha wafugaji kalenda ya kupandisha na kuzalisha ng'ombe, ilifuata busara hiyo: ujumbe mfupi, simu yoyote, hata ile ya mfugaji wa Rongai iliyofungwa kwa mpira ili kifuniko kisidondoke.

Swali la laini lilikuwa na pacha wake: laini ngapi? Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, hadi Zain ilipoangusha bei kuwa Sh3 kwa dakika mwezi Agosti 2010 na kuanzisha vita vya bei. Watu walizoea kubeba laini mbili, wengine na simu mbili. Nokia ilichelewa mno kulielewa hilo. Wachina wasio na majina walilielewa mapema, wakaleta simu za laini mbili zenye spika za kutikisa matatu na antena ya televisheni. Nyingi zilikuwa feki. Wanunuzi wake waliambiwa ni wajinga. Kisha usiku wa Septemba 30, 2012, kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, simu zenye namba bandia za utambulisho zilizimwa, zaidi ya milioni moja. Asubuhi ya Oktoba mosi foleni za watu wakibonyeza *#06# na kulinganisha tarakimu zilizunguka vibanda vya hapa. Ninaelewa sababu za serikali: simu hizo zilisaidia matapeli, na haki ya mtengenezaji halali lazima ilindwe. Hata hivyo, mtu wa Kaptembwo aliyenunua simu hiyo alikuwa amechagua vizuri kwa mahitaji yake. Kosa lake lilikuwa kutaka kitu ambacho kampuni halali zilikawia kumuuzia kwa bei anayoiweza.

Mazishi ya mifumo mingine yalifanyika kimyakimya, na aliyeyaendesha kwa kiasi kikubwa ni WhatsApp. Chama kikishahamia WhatsApp, simu isiyokuwa nayo si simu tena; utakosa habari za matanga, za mchango wa harusi, za mkutano wa wazazi. Nokia za Symbian zilikatwa Juni 30, 2017. BlackBerry za zamani zikafuata mwisho wa mwaka huo, Nokia ndogo za S40 mwisho wa 2018, Windows Phone mwisho wa 2019. Kila tarehe kati ya hizo ilimaanisha mtu fulani, mahali fulani Bahati au Gilgil, aliamka na kukuta simu nzima isiyo na ufa imestaafishwa na mtu wa mbali.

Ukiuliza leo madukani mjini humu, utaambiwa hakuna tena cha kuchagua: ni Android ya bei yoyote uliyonayo, au iPhone ukijaliwa. Mimi naona uchaguzi umehama tu. Julai 2020, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulianza kumwezesha mtu kuchukua simu janja kwa kulipa Sh20 kwa siku, bei ileile tuliyozoea kumlipa mwenye duka la kuchaji simu. Usipolipa, simu hujifunga. Na mwishoni mwa 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, kikatoa simu ya 4G ya Sh7,499, pungufu ya IDEOS ya miaka kumi na miwili nyuma na yenye uwezo mara nyingi zaidi. Ninafurahi kwa yote mawili. Ila ninapomwona mtu akitia sahihi karatasi za mkopo wa simu, natamani amuulize muuzaji maswali ya zamani, yale ya betri na fundi na kuuza tena, kisha aongeze la picha na namba na ujumbe: siku simu ikijifunga, vyangu vitatokaje?

Nilikuwa bado nimesimama pale kibandani nikiwaza hayo wakati mama mmoja mzee alipofika na redio yake imefungwa katika leso. Alisema imezimika tangu juzi. Fundi hakumuuliza ni ya kampuni gani. Alifungua mgongo wake kwa ukucha, akatoa BL-5C iliyovimba kama andazi, akapapasa katika mkebe wa rangi hadi akapata iliyo imara. Ilipoingia, sauti ya mtangazaji ikapanda ghafla katikati ya taarifa ya habari ya saa saba, na sote watatu tukanyamaza kusikiliza bei ya mahindi.